Mjumbe Hauawi: Njia za Kupima Sensa ya Oksijeni Kabla Hujanunua Nyingine

"Bosi, hii oksijeni sensa imekwisha. Mashine yenyewe imesema."

Niliambiwa hivyo nikiwa nimesimama kando ya Toyota IST yangu ya mwaka 2004, boneti iko juu, taa ya injini imewaka wiki ya pili. Nikakubali. Ikanunuliwa sensa ya mtumba, ikafungwa, taa ikafutwa, nikalipa nikaondoka. Siku ya sita taa ikawaka tena, na gari likaendelea kunywa petroli vilevile.

Lawama si ya fundi peke yake. Mashine haikusema sensa imekufa. Kwenye kioo iliandika P0171, na maana ya namba hiyo ni kwamba kompyuta ya injini imeongeza petroli hadi karibu na ukomo wake na bado inaambiwa hewa imezidi. Anayeiambia ni sensa. Sisi tulimwona mleta habari mbaya tukamtimua, tukaajiri mwingine, naye akaleta habari ileile. Kibovu kilikuwa gasketi ya ekzosi, pale inapoungana na kichwa cha injini. Ilikuwa imeungua sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na baina ya pumzi moja ya moshi na nyingine ilikuwa inavuta hewa ya nje. Sensa iliionja hewa hiyo, ikaripoti ilichoonja.

Kwa hiyo nalinganisha hapa njia nne za kujua kama sensa ni mbovu kweli, kuanzia ya bure hadi ya kulipia, na ya tano ambayo ndiyo imeshamiri mitaani: kubadilisha tu na kumwachia Mungu. Kila moja naiuliza swali moja kwanza: inaweza kutenganisha sensa mbovu na sensa nzima inayoripoti ubovu wa kitu kingine? Bei inafuata baadaye.

Kwanza ijue uliyonayo

Sensa hizi zilianza kufungwa kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1976, Bosch walipoitengeneza na Volvo wakaiweka kwenye magari yao. Kazi yake haijabadilika tangu hapo: inakaa ndani ya ekzosi, inaonja moshi, inaiambia kompyuta kama petroli imezidi au hewa imezidi. Mizani inayotafutwa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Aina ya kawaida ina kauri ya zirkonia inayozalisha umeme wake yenyewe. Hewa ikizidi, inatoa kama volti 0.1. Petroli ikizidi, kama volti 0.9. Mpaka kati ya pande hizo mbili uko kwenye 0.45. Injini nzima iliyopata moto haikai pale katikati. Inapepea juu na chini bila kupumzika, kwa sababu kompyuta inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, inaongeza tena. Kauri hiyo haifanyi kazi mpaka ifike nyuzijoto 300 na ushee, ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani yake.

Kuna aina ya pili, ile inayoitwa A/F, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta badala ya kusema tu "imezidi" au "imepungua". Kwa macho ni pacha wa ile ya kwanza: umbo lilelile, nyaya nne, nati ileile. Tabia zao ni mbingu na ardhi. Ukipima A/F kwa vipimo vya zirkonia ya kawaida utaihukumu kifo ikiwa nzima kabisa. Kwa Toyota kuna njia rahisi ya kuzitofautisha: namba ya spea inayoanza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida, na inayoanza na 89467 ni A/F. Iulize namba hiyo kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Halafu kuna ya mbele na ya nyuma. Ya mbele iko kabla ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na ndiyo inayoongoza petroli. Ya nyuma iko baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega yenyewe. Masega yakiwa mazima, sensa ya nyuma hutulia kwenye volti kama 0.6 au 0.7. Yakiwa yamechoka, inaanza kupepea kama ya mbele, na kompyuta inaandika P0420. Sasa jiulize mwenyewe kama masega ya gari lako bado yamo. Magari mengi ya mtumba yamekwisha kutolewa, yakauzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo, na mwenye gari hana habari. Kumuuzia mtu wa namna hiyo sensa ya nyuma ni kumuuzia miwani asiye na macho.

Kipande cha waya kwenye soketi

Hii ni ya bure, na watu wengi wenye Toyota za Japani hawaijui. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16. Funguo ikiwa imezimwa, unaunganisha tundu la 4 (la nne safu ya juu kutoka kushoto) na la 13 (la tano safu ya chini) kwa kipande cha waya au pini ya karatasi. Kisha unawasha funguo bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka kwa mwendo mmoja usiokatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21: sensa ya mbele. Kosa la 25 ni hewa imezidi, 26 petroli imezidi, 27 sensa ya nyuma. Taa za ABS na eabegi nazo zinaweza kuanza kukonyeza. Ziache na mambo yao, hesabu ile ya injini tu.

Kuwa mwangalifu na tundu la 16, la mwisho kulia safu ya chini. Hilo lina umeme wa betri moja kwa moja, na waya wako ukiligusa huku upande wa pili ukiwa kwenye la 4, jambo jema kabisa linaloweza kutokea ni fyuzi kukatika.

Faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi hata pale gari linapokataa kuzungumza na simu, na hilo nitalieleza. Udhaifu wake ni kwamba inakupa jina la faili tu. Lakini hata jina hilo lingeniokoa. Gari langu lilikuwa linakonyeza 25, si 21. Kompyuta haikuituhumu sensa hata mara moja.

Kidude cha Bluetooth na simu

Kile kidude kidogo kinachoandikwa ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ileile ili usome kompyuta ya gari kwa simu, bei yake ni chini ya nusu tangi la petroli. Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu yake, Elm Electronics, ilifunga mlango mwaka 2022, na karibu vyote vinavyouzwa kwetu ni nakala. Siyo tusi, nakala nyingine ni nzuri. Utakuta vimeandikwa toleo 1.5 au 2.1. Toleo 1.5 hao wenyewe Elm hawakuwahi kulitoa, na bado mara nyingi ndilo linaloelewana na magari mengi kuliko lile lenye namba kubwa. Usinunue kwa kufuata namba, nunua palipo na ruhusa ya kurudisha.

Tatizo letu liko kwenye gari zaidi kuliko kwenye kidude. Marekani ililazimisha lugha moja ya uchunguzi, OBD2, kwa magari ya kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilikwenda kwa njia yake. Kwa hiyo magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kabla ya katikati ya miaka ya 2000 yana soketi ileile ya matundu 16, lakini ukiyasemesha OBD2 ya kawaida yananyamaza. Programu kama Car Scanner ina mipangilio ya Toyota za Japani unayoweza kuijaribu. Ikikataa, rudi kwenye kipande cha waya. Gari lako likiwa la karibuni zaidi, au liliundwa kwa soko la Ulaya, hutapata shida hii.

Likikubali kuzungumza, usiishie kusoma namba ya kosa. Namba ndiyo iliyonitia hasarani. Fungua ukurasa wa takwimu za moja kwa moja, utafute vitu viwili: volti ya sensa ya mbele, na marekebisho ya mafuta. Marekebisho yako ya aina mbili: STFT, ya papo kwa papo, na LTFT, ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu. Yakiwa kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 kwa mia, injini haina malalamiko makubwa. Yakifika 20 au 25, kompyuta inamimina petroli ya ziada kufidia kitu. Kwenye gari langu yalikuwa juu ya 20.

Hapa ndipo kidude cha bei ya chini kinapoanza kumpita fundi mwenye mashine ya bei mbaya lakini asiye na subira. Soma marekebisho gari likiwa sailensa, yaani injini inanguruma taratibu bila kukanyaga, halafu shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika usome tena. Yakiwa makubwa kwenye sailensa na yakashuka karibu na kawaida ukikanyaga, shuku hewa inayoingia kwa mlango wa wizi: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi ya hewa, au tundu kwenye ekzosi mbele ya sensa. Yakizidi kupanda unapokanyaga, shuku petroli isiyofika ya kutosha: pampu, chujio, nozeli, au sensa ya hewa yenye uchafu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na sensa mpya ya oksijeni.

Udhaifu wa kidude hiki ni mwendo. Kwenye magari ya zamani yanayotumia waya mmoja wa mawasiliano, kinaleta takwimu chache kwa sekunde. Sensa inayopepea upesi utaiona inaruka kama picha za kukatika, na sensa iliyochoka iliyopunguza mwendo utaiona hivyohivyo. Funga takwimu nyingine zote, uache ya sensa peke yake, utapata nafuu. Jambo jingine: kwenye baadhi ya Toyota zenye A/F, programu ya kawaida inaonyesha volti iliyogawanywa kwa tano. Sensa inasema 3.3, wewe unaona 0.66 iliyoganda. Watu wamenunua spea kwa ajili ya hesabu hiyo ya kugawanya.

Multimita

Kama ningeambiwa nibaki na kifaa kimoja tu kwa sensa ya zirkonia, ningebaki na hiki. Ile ya dijitali ya bei ndogo inatosha. Ile ya mshale ya zamani iache, inavuta umeme mwingi kuliko sensa inaoweza kutoa.

Anza na hita, kwa sababu ndiyo inayokufa mara nyingi na ndiyo rahisi kuipima. Injini ikiwa baridi, chomoa plagi ya sensa. Kwa sensa za Denso za nyaya nne, nyaya mbili nyeusi ni za hita, ya bluu ni ya ishara, nyeupe ni ya ardhi. Za Bosch na NTK kwa kawaida zina nyeupe mbili za hita, nyeusi ya ishara, kijivu ya ardhi. Ndiyo, nyeusi na nyeupe hazifanyi kazi ileile. Mwenye haraka atakosea hapa. Pima ukinzani kati ya nyaya mbili za hita upande wa sensa. Kwa sensa nyingi za kawaida za Toyota utapata kati ya omu 11 na 16 ikiwa baridi. A/F huwa chini zaidi, omu chache tu. Ukipata ukinzani usio na mwisho, hita imekatika, na hapo sensa ni ya kubadilisha kweli, huna haja ya kubishana na mtu. Hita ikiwa nzima lakini kosa ni P0135, yaani la hita ya sensa ya mbele, pima upande wa gari: funguo ikiwa imewashwa, waya mmoja wa plagi unatakiwa uwe na umeme wa betri. Haupo? Angalia fyuzi kwanza. Fyuzi ya shilingi chache imewahi kuzikwa na sensa mbili juu yake.

Kipimo cha ishara ndicho kinachotenganisha mjumbe na ujumbe. Rudisha plagi, washa injini, iache ipate moto vizuri, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kama dakika mbili. Ingiza pini nyembamba nyuma ya plagi, kando ya waya wa ishara, hadi iguse chuma. Usitoboe ngozi ya waya. Sensa nyingi zinapata hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake hizohizo, na tundu la sindano litaingiza maji msimu wa masika.

Weka multimita kwenye volti za DC, uangalie. Ikiwa inapepea kati ya 0.1 na 0.9, na ndani ya sekunde 10 imevuka katikati mara nane au zaidi kwenye mizunguko hiyo 2,500, sensa ni nzima. Kasoro itafute kwingine. Ikiwa imeganda chini, usiseme imekufa. Bado. Inawezekana inasema kweli kwamba hewa imezidi. Ilazimishe: mpe injini petroli ya ghafla kwa kukanyaga na kuachia, au mtu mmoja apulize tone dogo la dawa ya kusafishia kabureta kwenye mpira wa vakyumu, mbali kabisa na ekzosi, kwa sababu dawa hiyo inawaka. Volti ikiruka juu ya 0.8, sensa iko hai na ilikuwa inakwambia ukweli. Ikibaki chini huku injini inabadilika sauti kwa kushiba petroli, hapo umemkamata mwongo.

Ikiwa imeganda juu, geuza mtihani. Chomoa mpira mdogo wa vakyumu, hewa iingie. Volti ishuke chini ya 0.2. Njia nyingine isiyohitaji kuchomoa kitu ni kukanyaga hadi mizunguko 3,000 hivi halafu kuachia ghafla: kompyuta inakata petroli kwa muda, moshi unakuwa hewa tupu, na sensa hai lazima ianguke karibu na sifuri.

Ile sensa ya mtumba niliyofungiwa niliipima hivyo. Ilikuwa imelala kwenye 0.1. Nilipompa injini petroli ya ghafla ikaruka hadi 0.85 bila kusita, ikarudi kulala. Ndipo nilipochomoa plagi za moto na kuzikuta nyeusi kama masizi ya chungu. Tazama mkanganyiko huo: sensa inalia hewa imezidi, plagi zinalia petroli imezidi. Ukiona mashahidi wawili wanapishana hivyo, tafuta tundu la ekzosi kati ya injini na sensa. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, niliziba mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kibichi kwa sekunde mbili tatu huku jirani akisikiliza mbele. "Inafoka hapa," akasema, akinyoosha kidole kwenye manifoldi.

Mipaka ya multimita ni miwili. Kwa A/F haifai kupima ishara: kompyuta inashikilia volti zilezile kwenye nyaya na kinachobadilika ni mkondo mdogo sana wa umeme, kwa hiyo utaona 3.3 na karibu 3.0 hata sensa ikiwa imekufa. Hapo pima hita tu. Pili, haiwezi kukuonyesha uchovu. Sensa ya kawaida nzima inatakiwa kuvuka kutoka chini kwenda juu ndani ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Namba za multimita zinabadilika polepole kuliko hapo.

Mashine kubwa na oskiloskopu

Oskiloskopu inachora volti kama mstari unaotembea, na hapo uchovu hauna pa kujificha: sensa nzima inapanda kama ukuta, iliyochoka inapanda kama kilima. Kama kosa ni P0133, yaani sensa inajibu polepole, hiki ndicho chombo cha kulithibitisha. Gereji zenye nacho na mtu anayejua kukisoma si nyingi.

Mashine kubwa ya gereji ni jambo jingine. Thamani yake haiko katika kusoma namba ya kosa, maana namba hiyohiyo kidude cha simu kinaisoma. Thamani yake ni kuamuru. Kwa Toyota, programu ya Techstream ina jaribio linalobadilisha kiasi cha petroli kwa amri, kupunguza kwa asilimia 12.5 na kuongeza kwa asilimia 25, huku ukiangalia sensa zote mbili zikijibu. Ni mtihani uleule wa kulazimisha nilioueleza, ila bila dawa ya kabureta na bila kuchomoa mpira, na unafaa kwa A/F pia, ambako multimita imenyamaza. Kwa gari lenye A/F hii ndiyo njia ninayoipendekeza, hata kwa kulipia.

Kwa hiyo ukienda kulipia kupima, usiulize "mnapima kwa mashine?" Wote watasema ndiyo. Uliza: "Mtanionyesha sensa ikijibu mkiongeza petroli na mkipunguza?" Anayeelewa swali hilo mlipe. Anayekwambia kwamba mashine imesema yenyewe, msalimie uondoke.

Kubadilisha tu

Nisiwe mnafiki: kuna siku kubadilisha bila kupima ni uamuzi wa akili. Sensa zenye hita hutajwa kudumu kama kilomita 160,000. Gari lako likiwa limepita hapo kwa mbali na sensa ni ya kuzaliwa nayo, haijapoteza maana kuweka mpya. Vilevile ukiichomoa ukaikuta na unga mweupe, hiyo imetiwa sumu, mara nyingi na silikoni isiyofaa ambayo mtu aliipaka kwa ukarimu badala ya gasketi. Masizi meusi yanaonyesha petroli ilizidi, na sensa inaweza kupona ukitibu chanzo. Na kama gari lilipita kwenye maji ya mafuriko ekzosi ikiwa ya moto, kauri inaweza kuwa imepasuka, hata kama nje inang'aa.

Ila mtumba? Sensa ya mtumba unanunua maisha yaliyobaki usiyoyajua, kutoka kwenye gari ambalo huenda lilichinjwa kwa sababu ya injini kunywa oili, na majivu ya oili ni adui wa sensa. Ukizungukia maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, tafuta Denso au NTK mpya inayolingana na namba ya spea yako. Zile za "universali" za kuunganisha nyaya mwenyewe zinafanya kazi, mradi fundi azibane kwa viungio vya kubana badala ya kuzichomelea kwa risasi, kwa sababu ileile ya hewa kupita ndani ya nyaya.

Ungeanza na ipi?

Una Toyota ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 isiyozungumza na simu: kipande cha waya, kisha multimita. Hutahitaji zaidi ya hapo, isipokuwa sensa yako iwe A/F.

Una gari la karibuni linalokubali simu: kidude, na usome marekebisho ya mafuta kabla ya kusoma kosa. Kosa likiwa P0135 au P0141 (hita ya sensa ya mbele au ya nyuma), ruka hayo yote uende kwenye hita na fyuzi kwa multimita. Ni kazi ya dakika kumi. Likiwa P0171 (hewa imezidi) au P0172 (petroli imezidi), sensa ni shahidi, usimguse mpaka umalize mipira, ekzosi na petroli. Likiwa P0420, thibitisha kwanza kama masega yapo.

Gari halina taa yoyote ila linakula mafuta: usianze na sensa hata kidogo. Pima upepo wa matairi, uangalie plagi za moto, uangalie kama breki inakwama. Sensa mbovu kiasi cha kuharibu matumizi ya mafuta kwa kawaida haimalizi wiki nyingi bila kuwasha taa.

Mimi nilimaliza kwa gasketi moja na nati nne mpya, marekebisho ya mafuta yakashuka hadi 3. Baadaye nikakumbuka kwamba sensa yangu ya kwanza, ile iliyotolewa na kuhukumiwa, huenda ilikuwa nzima kabisa, na kwamba ilikuwa ya kuzaliwa na gari. Nikarudi kuiomba. Fundi alicheka kwa aibu. Alikuwa ameshaiuza kwa mteja mwingine, na mteja huyo hajarudi kulalamika.